Hakuna Kitu Kati Yako na Bahari

Mgeni anayefika Mwambakuu kwa ndege hupokewa vizuri. Hugongewa muhuri wa kuingia, hupewa kitabu changu, kisha huonyeshwa basi la kwenda mjini. Kitabu ni cha bure na ni cha lazima. Kinaitwa Mwongozo wa Mgeni, kina kurasa sitini na nne, na katika ukurasa wa tatu nimeandika kwamba safari ya basi kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ni dakika ishirini. Kwa hiyo dakika ya ishirini ikitimia, basi husimama na abiria wote huteremshwa, popote lilipo. Mara nyingi huwa limefika kwenye mashamba ya mihogo. Wageni humalizia safari kwa miguu, muda wa saa moja na nusu, wakiburuta masanduku yao, na wengi wao husifu hewa.

Ningependa kueleza kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilipanda basi lile asubuhi ya sikukuu, barabara ikiwa tupu, na dereva alikuwa anawahi mazishi. Nilipima kwa saa yangu ya mkononi, nikaandika nilichopima.

Katika nchi yetu, kitabu kikishapigwa muhuri wa Serikali hakisahihishwi. Sheria hii ni ya zamani na ina sababu zake. Inasemekana hapo awali vitabu vilikuwa vikisahihishwa kila mara, na wananchi wakaanza kuzoea wazo kwamba Serikali inaweza kuwa ilikosea jana. Baada ya hapo wakaanza kuuliza kuhusu leo. Ndipo ikaamuliwa kwamba kitabu na mji vikitofautiana, kitakachosahihishwa ni mji.

Nilipoandika kwamba makumbusho yetu yana vyumba kumi na moja, nilikuwa nimehesabu na stoo. Sasa stoo imefunguliwa, imewekewa kamba nyekundu, na wageni hutazama mafagio. Nilipoandika kwamba soko la samaki hufunguliwa saa moja asubuhi, nilikuwa nimechelewa kuamka. Wavuvi hufika saa kumi na moja kama walivyozoea, kisha hukaa na samaki wao nje ya geti wakitazamana kwa saa mbili. Nikipita pale huvuka barabara nikatembea upande wa pili.

Kuhusu mwandishi

Mimi naitwa Shaame Ngwali. Wakati huo nilikuwa karani wa majalada, daraja la nne, katika Wizara ya Wageni na Mandhari. Shule niliishia njiani. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma vikaratasi vinavyowekwa ndani ya maboksi ya dawa, na hadi leo mtu akiyasoma maandishi yangu kwa makini ataona kwamba napenda sana kutahadharisha.

Sikuchaguliwa kuandika Mwongozo kwa kipaji. Wizara iliuliza nani anaujua mji, na ikaonekana kwamba wakubwa wote wanaujua kupitia kioo cha gari, tena upande mmoja tu, ule wanaokalia. Mimi sikuwa na gari. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu kunifaa kwa kutokuwa nalo.

Niliupima mji mzima kwa hatua. Kazi ilinichukua miezi minane. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kidogo, na nadhani ndiyo sababu ukurasa wa kumi na nane unasema Mtaa wa Mizani una hatua mia nne ukienda na mia nne na ishirini ukirudi. Manispaa inalifanyia kazi suala hilo.

Mahali pa kula

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupima, nilikula kwa Bi Mwanamkasi. Nilikuwa nakula pale kwa miaka kumi na moja. Mkahawa wake hauna jina. Una meza saba, una jiko mlangoni, na nyuma una dirisha pana lisilo na kioo ambalo bahari yote imekaa ndani yake. Upo mkabala na Posta Kuu, ng'ambo ya barabara. Aliuanzisha mama yake, akaurithi yeye, akasomeshea hapo watoto wanne.

Bi Mwanamkasi ana mikono mikubwa na sauti inayofika kabla yake. Mimi aliniita Bwana Hesabu.

"Leo umehesabu nini, Bwana Hesabu?"

"Nguzo za taa, Bi Mwanamkasi. Mia mbili na arobaini."

"Zinazowaka?"

"Hilo sikuulizwa."

"Hee! Mmemsikia, jamani? Hilo hakuulizwa!" Aliugeukia mkahawa mzima. "Kula chapati yako baba, kabla hujaihesabu madoa."

Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu kweli nilishawahi kuyahesabu.

Meza yangu ilikuwa ile ya dirishani. Hapo ndipo nilipoandika karibu kitabu chote, huku mchuzi wa maharage ukichafua pembe za karatasi. Siku moja nilifika kwenye sehemu ya mandhari. Nilihitaji mahali pa kumsimamisha mgeni atazame bahari, na nilitaka pawe mahali rasmi. Nikachagua ngazi za Posta Kuu. Niliinua macho, nikaitazama bahari ikiwa wazi mbele yangu, nikaandika sentensi ambayo niliiona nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika:

"Simama kwenye ngazi za Posta Kuu, tazama mashariki: hakuna kitu kati yako na bahari."

Nilikuwa nimeorodhesha kila jengo la mtaa ule, hata kibanda cha mshona viatu. Lakini njia yangu ilikuwa kuandika ninachokipita, na mkahawa wa Bi Mwanamkasi sikuwahi kuupita hata siku moja. Kila nikiufikia, niliingia.

Maoni ya wageni

Kitabu kilipigwa muhuri mwezi wa pili. Mwezi wa tano ilifika barua kutoka kwa mgeni mmoja mstaarabu. Aliandika hivi: "Nilisimama kwenye ngazi za Posta Kuu, nikatazama mashariki. Kati yangu na bahari palikuwa na mkahawa. Chapati zake ni nzuri sana. Naomba ufafanuzi."

Niliitwa na Mkurugenzi wa Mandhari, Bwana Mwandoro. Ni mtu mwenye suti nzito na hasikii joto. Karani wake alikuwa pembeni akiandika muhtasari.

"Ndugu Shaame," alisema, "kati ya mgeni na bahari kumejitokeza kitu."

"Kilikuwepo, Mkurugenzi. Mimi ndiye niliyekisahau."

"Hilo usiliandike," alimwambia karani. Kisha akanigeukia. "Kitabu kinasema hakuna kitu. Kitabu kina muhuri wenye picha ya ndege tai. Huo mkahawa una muhuri?"

"Una leseni ya manispaa."

"Leseni ina tai?"

"Haina tai, Mkurugenzi."

"Basi." Alijiegemeza kwenye kiti, akafumba macho kidogo, na nikaona kwamba wazo lilikuwa linamjia na kwamba lilikuwa linamfurahisha. "Kwa hiyo tunachokabiliana nacho ni kitu kisichokuwepo, ambacho kimejengwa bila kibali. Hilo liandike."

Siku kumi na nne zilikuwa zimebaki kufikia Siku ya Wageni, sikukuu ambapo Serikali huwaalika mawakala wa safari kutoka nchi za nje waje kutuona tulivyo. Mkurugenzi aliamua kwamba mkahawa utavunjwa siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, mbele ya Mheshimiwa Waziri na mawakala arobaini, ili dunia ione jinsi bahari inavyotolewa kwa mgeni.

Ofisi muhimu

Nilikuwa nimeandika katika ukurasa wa hamsini kwamba Wizara yetu ina Ofisi ya Masahihisho, ghorofa ya nne, chumba namba tisa. Sikuwahi kufika huko. Lifti huishia ghorofa ya tatu.

Ndani nilimkuta mama mmoja mtu mzima, Bi Raya, akifuma kofia. Kofia nyingine zilikuwa zimepangwa kwenye rafu za majalada, kwa mpangilio wa miaka.

"Shikamoo, mama. Naitwa Shaame Ngwali."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Nimekuja kukiri kosa."

Aliiweka kofia chini. Alisema mtu wa mwisho kuja na jambo kama hilo alikuja kabla yeye hajaajiriwa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu, akaipuliza vumbi, akavaa miwani.

"Jina nimelisikia. Cheo?"

"Karani wa majalada, daraja la nne."

Aliivua miwani. "Ah, mwanangu. Wewe huwezi kukosea."

"Lakini nimekosea. Nina ushahidi."

"Hujanielewa. Kukosea kunaanzia Mkurugenzi Msaidizi. Chini ya hapo mtu huwa amezembea tu, na uzembe hausahihishwi, unaadhibiwa. Ukitaka kitabu kisahihishwe, lazima uwe umekosea. Na ukitaka uwe umekosea, panda cheo kwanza."

"Kuna mtu aliyewahi kupanda cheo kwa ajili hiyo?"

"Wanapanda kwa ajili ya mengine," alisema Bi Raya, akiichukua tena kofia yake. "Hilo hulikuta hukohuko juu."

Lugha ya wenyeji

Sikumwambia Bi Mwanamkasi siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu alipigiwa alama ya rangi nyekundu ukutani na watu wa manispaa, ambao kwanza walikula. Ikabidi nimweleze. Nilimsomea ukurasa wa thelathini na moja kutoka mwanzo, kwa sababu sijui kueleza jambo kuanzia katikati.

Alisikiliza huku akisukuma chapati. Nilipofika kwenye ile sentensi, alisimama.

"Soma tena."

"Hakuna kitu kati yako na bahari."

"Hakuna kitu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Shaame, miaka kumi na moja asubuhi unakula wapi?"

"Hapa, Bi Mwanamkasi."

"Hapa ni wapi? Nataka kujua. Mwaka ule ulipolala na homa, uji nani alikuwa anakuletea? Hakuna kitu alikuletea uji? Hakuna kitu akakukung'utia na shuka?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, na nilitamani aendelee na lile la Bwana Hesabu.

"Nilikuwa ndani," nilisema. "Nilipoandika, nilikuwa nimekaa humu ndani. Kwa hiyo sikuona..."

"Kwa hiyo hukuona." Alirudi kwenye kibao chake, akachukua donge jingine. Alisukuma chapati ile mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, ikapasuka. "Mimi sina pengine, Shaame. Nina miaka hamsini na nane. Najua kufanya kitu hiki hapa mahali hapa. Wewe ni mtu wa kuandika. Nenda kaandike tena."

Nilimweleza kuhusu daraja la nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia mteja wa meza ya pili, "Mpishe huyu, anatoka."

Vyeo na itifaki

Niliandika barua ya kuomba kupandishwa cheo. Kwenye nafasi ya sababu niliandika: "Ili niweze kukosea." Sikuwa na matumaini. Nilikuwa nimeomba kubadilishiwa kiti tu miaka sita iliyopita, na jibu lilikuwa bado liko njiani.

Lakini bahati ilikuwa upande wangu, kama tunavyoiita. Katika nchi yetu nyumba ya mtu haivunjwi hivihivi, sisi si washenzi. Desturi inataka afisa wa cheo cha Mkurugenzi Msaidizi au zaidi asimame mbele ya watu, anyooshe kidole kwenye jengo, na aseme neno moja: "Hili." Bila kidole, tingatinga haliwashwi. Wizara yetu ilikuwa na Wakurugenzi Wasaidizi kumi na wanne, na siku ile ya Siku ya Wageni wote kumi na wanne walikuwa na semina. Mmoja alikuwa na semina na pia bandeji kwenye kidole.

Barua yangu ilijibiwa kwa saa mbili. Nikawa Mkurugenzi Msaidizi wa Mandhari (Mashariki). Nilipewa kiti kinachozunguka. Nilikizungusha mara moja, nikaogopa, nikashuka, nikapanda ngazi mbio hadi chumba namba tisa.

Bi Raya aliisoma barua yangu ya cheo mara mbili. "Hongera sana, mwanangu. Sasa umekosea kweli." Alianza kujaza fomu. Aliandika jina langu, akaandika kosa, akageuza upande wa pili, akasita. "Haya, hapa pana jambo. Kosa la Mkurugenzi Msaidizi na kuendelea haliitwi kosa."

"Linaitwaje?"

"Linaitwa sera."

"Na sera inasahihishwa wapi?"

"Sera haisahihishwi," alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. "Inatekelezwa."

Wananiuliza mpaka leo kama nilikasirika. Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilikaa pale kwenye benchi la wageni, nikafikiri kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine, na kila nililolifikiri lilirudi kwangu. Nikiwa karani nilikuwa mzembe mmoja. Kwa bidii yangu mwenyewe nilikuwa nimejiinua hadi kuwa sera ya taifa. Bi Raya alinipa kofia. Ilinibana.

Sherehe na sikukuu

Siku ya Wageni kulikuwa na jua kali. Mawakala arobaini walipangwa upande wa kulia wa ngazi za Posta Kuu wakiwa na vitabu vyangu mkononi. Upande wa kushoto kulikuwa na beni ya polisi. Ng'ambo ya barabara lilikuwepo tingatinga la njano, dereva wake hayumo, kwa sababu alikuwa ndani ya mkahawa anamalizia chai.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa dakika hamsini.

"Wageni wetu watukufu!" alisema. "Ziko nchi zinazowapa wageni vipande vya bahari. Kipande hapa, kipande pale, katikati wamejaa watu wanaoishi. Sisi tumekataa! Sisi tunampa mgeni bahari nzima! Na kama katika utoaji huo kuna mwananchi atakayesogea kidogo, basi mwananchi huyo asogee kwa fahari, akijua kwamba mahali alipokuwa amesimama sasa ni mandhari!"

Mawakala walipiga makofi. Mkalimani aliwatafsiria. Walipiga tena.

Kisha Mkurugenzi Mwandoro alinigusa bega, akanong'ona, "Kidole."

Nilipanda ngazi ya juu kabisa. Ziko tisa. Dereva wa tingatinga alitoka mkahawani akifuta midomo, akawasha injini. Bi Mwanamkasi alikuwa mlangoni mwake. Hakuwa amehamisha hata sufuria moja. Alikuwa na unga hadi kwenye viwiko, na alinitazama namna alivyokuwa akinitazama asubuhi nilizochelewa kufika mezani. Halafu ile sauti yake ikavuka barabara, ikalipita tingatinga, ikampita Mheshimiwa.

"Bwana Hesabu! Chai yako inapoa!"

Ningependa kusema kwamba kilichofuata kilikuwa ushujaa. Nilijichunguza baadaye kwa muda mrefu na sikuukuta. Ile kofia ya Bi Raya ilikuwa inanibana kichwa. Nilinyoosha mkono kama ilivyotakiwa. Nilijaribu kusema "Hili." Mkono ulikunjika kwenye kiwiko, kidole kikarudi, kikanigota kifuani.

"Huyu," nilisema. "Huyu ndiye. Mkahawa ulikuwepo. Nilikuwa nimekaa ndani yake, nikausahau. Nimekosea."

Mkalimani alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi hiyo na hakuwahi kupewa neno lile kutoka mdomoni mwa afisa. Aliwaomba wageni subira, akatoa kamusi mfukoni. Kiongozi wa beni, alipoona kimya kinazidi, alipiga kitu pekee ambacho ameruhusiwa kupiga wakati wa dharura, yaani wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama wima. Dereva wa tingatinga alizima injini kwa heshima, akashuka, akavua kofia. Beti ni sita.

Wimbo ulipokwisha, mkalimani alikuwa amelipata neno. Alilisema.

Mawakala walitazamana. Mama mmoja mrefu alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, na safari hii hawakuwa wanapiga kwa adabu. Walipiga miguu chini. Yule mama alimwendea Mheshimiwa Waziri, akamshika mkono, akaongea haraka, macho yakimng'aa.

"Anasema amezunguka nchi sabini," alitafsiri mkalimani. "Anasema ufukwe ameuona kila mahali. Lakini afisa wa serikali anayesimama hadharani na kusema amekosea, hilo hajaliona popote. Anauliza, lipo kila siku? Saa ngapi?"

Mkurugenzi Mwandoro alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Lakini Mheshimiwa hakufika pale alipofika kwa kubabaika. Alinitazama, akalitazama tingatinga, akautazama mkahawa.

"Saa nne kamili asubuhi," alisema. "Isipokuwa sikukuu."

Saa za kutembelea

Kwa hiyo mkahawa upo. Hauwezi kuguswa, kwa sababu ukiondolewa nitakuwa nimekosea nini? Kitabu nacho hakijasahihishwa. Waliongeza kikaratasi tu nyuma: "Kosa la Mwambakuu. Hushuhudiwa kila siku ngazi za Posta Kuu. Tafadhali usimkatize." Wizara ilileta bango lenye tai la kutundika mlangoni kwa Bi Mwanamkasi. Alilitazama, akalipiga ngumi kujaribu ugumu, na sasa analitumia kukatia vitunguu.

Nilishushwa cheo jioni ileile na kupandishwa asubuhi yake, kwa kuwa sikuweza kukosea nikiwa daraja la nne. Saa nne hupanda ngazi, hujigota kifuani na kusema maneno yangu. Siku za mwanzo yalitoka vizuri. Baada ya wiki tatu niliambiwa nitulize uso, wageni wa nyuma hawaoni majuto.

Idara nyingine zilipoona mafanikio hayo zilianza kuniletea ya kwao. Idara ya Maji ilileta bomba la Mtaa wa Mizani, ambalo lilizinduliwa mara tatu na halijaunganishwa na kitu. Barabara walileta mzunguko usio na njia ya kutokea. Zote zilikuwa barua fupi zenye muhuri: "Tafadhali kosea hili kwa niaba yetu." Niliyapanga makosa yao kwa siku. Jumatatu maji, Jumanne barabara. Nilikuwa mtu pekee katika Jamhuri mwenye kibali cha kukosea, na mambo yaliyokuwa yakinisubiri yalijaza makabati mawili.

Bi Mwanamkasi alinirudishia meza yangu baada ya mwezi mmoja. Aliweka sahani tu, akaigeuza upande wa maharage uwe kwangu.

Ilikuwa Jumatano, wageni wameshaondoka, nami nakunja kikaratasi changu cha siku ile, nilipomwona mama mmoja chini ya ngazi. Hakuwa na kitabu wala tiketi. Alikuwa na mkoba wa plastiki ulioshikwa kwa mikono miwili, na vumbi la mbali kwenye miguu.

"Wewe ndiye yule wa Serikali anayesema?"

"Ndiye mimi, mama."

"Unasema la mkahawa tu?"

"Nina la maji, la barabara, na leo nilikuwa na la Mnara wa Taa."

"La hospitali huna?"

"Hawajaniletea."

"Hawatakuletea." Aliutazama mkoba wake. "Walimwambia mume wangu arudi Jumatatu, daktari wa moyo atakuwepo. Jumatatu nilirudi mwenyewe, kuchukua kadi yake. Ni mwaka wa nne huu. Nimekwenda kila dirisha pale. Sitaki kitu. Nataka mtu aseme."

Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni wa Wageni na Mandhari, tena Mashariki tu. Kwamba hospitali ina wizara yake. Kwamba afisa anayekosea bila barua ya idara husika amevuka mipaka ya kazi, na adhabu yake naijua ukurasa na mstari. Yote haya ni kweli, na yote niliyafikiri, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, mama yule akiwa amesimama juani.

Kisha nilishuka ngazi zote tisa, kwa sababu za juu ni za Serikali.

"Aliitwa nani?" nilimuuliza.

"Kheri Mataka. Alikuwa fundi makuti."

"Mama," nilisema, "tulikosea. Mzee Kheri Mataka hakupaswa kuambiwa arudi Jumatatu. Alipaswa kupokewa siku ileile. Tulikosea, na hatukuja kukwambia."

Sikujigota kifua. Nilisahau. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa barua.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Umesema haraka."

Nilisema tena, polepole.

Alitikisa kichwa kukubali. Alichukua ncha ya mtandio wake, akajipangusa uso mara moja, akauweka mkoba kwapani. Alikuwa ameshaanza kuondoka alipogeuka.

"Kesho nitakuja na jirani yangu," alisema. "Lake ni refu. Uje umeshakula."